Mama, Kuhusu Lile Gari la Nyumba

Gaithersburg, Maryland
Jumapili, mwezi wa nane

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba nyonga ya Bibi inaendelea kupona. Je, ameanza kutembea na ile fimbo ya miguu minne uliyomnunulia, au bado anaificha nyuma ya mlango na kusema ni ya wazee? Sisi huku hatujambo. Baba yuko salama, anaendelea na boila zake za hospitali, zile mashine za kuchemshia maji. Mdogo wangu Ethan amerefuka tena, na suruali ulizomnunulia kabla hujaondoka sasa zinaonyesha soksi zote. Mimi nimepumzika tangu mahafali na ninajifunza kupika. Ndizi zangu bado hazifanani na zako. Ethan anasema ni uji wenye mawazo mengi.

Barua hii nitampa Shangazi Honorata, anayesafiri Ijumaa kwenda Bukoba kwenye harusi ya mdogo wake. Ameahidi kufika mwenyewe hadi hapo kwenu Kamachumu. Amelalamika sana kwamba kila Mtanzania wa Maryland anamletea kifurushi, na kwamba yeye ni muuguzi, si shirika la ndege, lakini alipojua ni barua alicheka akasema hiyo ataiweka kifuani. Viatu nilivyomnunulia Bibi vitasubiri msafiri mwingine.

Mama, uliniagiza jambo pale uwanja wa ndege. Ulisema niwaangalie Baba na Ethan, halafu nikiwa nimetulia nikuandikie kama lile gari la nyumba tuliuze au tulibakize, kwa kuwa hati ina majina yenu wawili na Baba hawezi kuliuza bila neno lako. Ulisema simu haifai, maana Baba huweka spika, Ethan hudakia, na mimi kwenye simu hujibu ndiyo na hapana tu kama niko mahakamani. Ulisema mimi sijui kupamba maneno na ndiyo maana ulinichagua. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka kuwa na uhakika. Lakini sasa wamepatikana wanunuzi, mume na mke wastaafu wanaoishi Frederick. Wamekuja kulikagua, wakajilaza kwenye kila kitanda kilichomo ndani, na wanataka jibu kabla mwezi huu haujaisha. Kwa hiyo siwezi kungoja tena.

Nianze na gharama, maana najua ndizo utakazozitafuta kwanza.

Chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu bado kinakataza gari refu kama lile kulala nje hata usiku mmoja, kwa hiyo liko kule kwenye yadi ya kulipia, mbele ya Frederick. Tukitaka kwenda kusini, lazima kwanza twende kaskazini kulichukua. Mzee Cosmas wa kanisani amelicheka jambo hili tangu mwezi wa tatu na hajachoka. Anasema Baba ndiye mtu pekee katika jimbo hili anayemlipia ng'ombe malisho huku maziwa akinunua dukani. Juzi alipotuletea samaki kutoka Alexandria alimuuliza Baba, “Silvanus, nyumba unayo, gari unalo, sasa hili la tatu ni la kukimbia vyote viwili?” Baba alicheka, lakini si kama anavyocheka siku zote.

Bima inalipwa lisafiri lisisafiri. Matairi yanazeeka kwa kusimama tu, jambo ambalo sikulijua. Paa linavuja juu ya kitanda cha Ethan, na Baba ameshapanda mara nyingi na bomba la gundi. Kila akishuka anasema sasa limekoma, na kila mvua ikinyesha Ethan anahamisha mto. Kuna bomba la sinki ambalo Baba anasema linamsumbua kuliko boila za hospitali nzima. Mafuta sitayazungumzia, nitasema tu kwamba mshale wa mafuta unashuka ukiutazama. Kisha kuna kumwaga choo, kazi ambayo Baba hamwachii mtu. Anavaa glavu hadi kwenye viwiko, anavuta lile bomba nene, na anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ili majirani wa kambi wasifikiri ana aibu.

Gharama kubwa zaidi, nadhani, ni Jumamosi zake. Tangu uondoke, Jumamosi nyingi amezitumia yadini akitengeneza kitu fulani ili tuweze kusafiri, na jioni anarudi amechoka kiasi kwamba hatusafiri.

Furaha ni ngumu zaidi kuiandika, Mama, lakini ipo na sitaki kuificha.

Unajua nyumbani kwetu daima kuna viatu vinavyokosekana pale mlangoni. Baba akiingia wewe unatoka, na ukirudi asubuhi yeye ameshaondoka. Nimekua nikidhani kila familia ina zamu. Ndani ya gari la nyumba viatu vyote viko pale, vimepandana, na mtu hawezi kwenda chooni bila kuvikanyaga. Ni humo nilimojua kwamba Baba hukoroma. Ethan anasema hata kukoroma kwake kuna lafudhi. Halafu Ethan mwenyewe, ambaye nyumbani ukimwita kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, tukifika milimani ambako simu haishiki anaanza kuongea Kiswahili, kibovu lakini kingi. Aliniuliza kwa nini moto una wingi na moshi hauna. Nilifurahi kuulizwa.

Kuhusu mimi, kile kiti cha mbele kando ya dereva ndicho ninachokipenda kuliko viti vyote nilivyowahi kukalia. Unajua jinsi ninavyokuwa watu wakinitazama. Hata shuleni mwalimu wangu aliandika kwamba ninafikiri vizuri ila hakuna anayejua. Pale mbele hakuna anayenitazama. Wote mnatazama barabara, kioo ni kikubwa kama dirisha la kanisa, na maneno yanatoka yenyewe. Nimezungumza na Baba kwenye kiti kile zaidi kuliko miaka yote tuliyoishi hapa. Kwa hiyo usidhani ninayoandika huko chini ninayaandika kwa sababu silipendi gari lile.

Sasa nikusimulie safari yetu ya mwezi uliopita, kwa sababu najua Shangazi Honorata atakusimulia kwa namna yake, na namna yake ina chumvi.

Baba alikuwa amepata nafasi kambini kule kwenye hifadhi ya Shenandoah, nafasi moja, ya watu sita. Jumapili baada ya misa ya Kiswahili alisimama nje ya kanisa akawaambia watu kwamba wikiendi ijayo tutakuwa milimani, na karibuni sana. Nilimsikia. Aliisema kama anavyoisema siku zote, kama mtu anayekula anavyomwambia anayepita karibu tule. Lakini alikuwa amewaambia watu waliolisikia gari lile likitajwa tangu mwezi wa tatu bila kuliona, na waliona atawafikiria vibaya wasipokwenda.

Mama, walikuja. Walikuja kutoka Springfield, Alexandria, Silver Spring, magari yamefuatana kama msafara wa harusi. Shangazi Honorata alishuka na sufuria la pilau lililofungwa mkanda wa gari kama abiria. Mzee Cosmas alikuja na spika. Watoto wa kwaya waliingia ndani wakafungua kila kabati, na wanawake wakapiga foleni kuona choo. Mzee Cosmas alijilaza kwenye kitanda chenu, akanyoosha miguu, akatangaza kwamba sasa ameamini, na kwamba tangu leo jina la gari ni Safina. Baba alikuwa anang'aa. Alizunguka akimwonyesha kila mtu jinsi meza inavyogeuka kitanda, na akamaliza akaanza upya kwa waliochelewa.

Ndipo alipokuja mlinzi wa hifadhi, mama mmoja mpole mwenye kofia pana. Alisema nafasi ni ya watu sita, magari ni mawili tu, na muziki hapana. Baba alimletea sahani ya pilau. Akasema asante, yuko kazini. Baba akadhani anaona haya, akaongeza nyama. Mlinzi akarudia, kwa upole uleule, kwamba watu wengine wote waondoke. Baba aliniambia nimfafanulie kwamba hawa si watu wengine, ni wageni wake. Nilifungua mdomo, wote wakanitazama, na hakuna kilichotoka. Ethan ndiye aliyezungumza, na mlinzi akamjibu kwamba anaelewa, ila sheria ni ileile.

Basi wakafunga vyombo. Shangazi Honorata alimwambia Baba asijali kabisa, kisha akiwa anamfunga sufuria mkanda wake tulimsikia akisema, “Mimi tangu nizaliwe sijawahi kutolewa nyumbani kwa mtu na askari.” Mzee Cosmas alimkumbusha kwamba hata kwa Nuhu walihesabiwa mlangoni. Watu walicheka, magari yakaondoka moja moja, na Baba akabaki amesimama na ile sahani. Hajawahi kumtoa mgeni kwake. Hata wale waliokuja kukaa wiki na wakakaa hadi masika, hakuwatoa.

Asubuhi iliyofuata tulikunywa chai nje watatu tu. Kulungu walipita karibu kabisa. Ilikuwa asubuhi nzuri, lakini Baba alikuwa anatazama vile viti tulivyoazima kwa ajili ya wageni. Akasema turudi.

Njiani Ethan alilala nyuma. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha mbele. Tulipofika barabara ya 66 nilimuuliza Baba kama analipenda bado gari hili. Akasema hapana. Alisema lilianza kumchosha tangu mwezi wa pili wa kulimiliki. Kwamba amechoka na paa, amechoka na yadi, na kwamba angekuwa peke yake angempa mnunuzi yeyote ufunguo leo. Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa amebishana na wewe hivyo uliposema liuzwe, na kwa nini anaendelea kulitengeneza kila Jumamosi.

Aliniambia nisikuambie. Mama, hapa ndipo ninapofika kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka ile safari moja uliyokuja nasi, mwezi wa tano, wikiendi ya mvua. Ulilala jioni na ukaamka jua limefika katikati ya anga. Ulipoamka ulitugombeza kwa kukuacha ulale, na njiani kurudi ulisema kwa hasira kwamba gari hili linakula pesa na liuzwe. Ambacho hukukijua ni asubuhi ile ilivyokuwa. Baba alituamsha kwa kutugusa mabega, akatutoa nje kimya kimya, akaturuhusu kuvaa viatu tukiwa tumeshashuka. Alitukataza kufungua friji kwa sababu mlango wake unalia. Tulikaa chini ya turubai la kando, mvua inatunyeshea magoti, tukila mkate mkavu, na kila Ethan alipotaka kusema kitu Baba aliinua kidole. Nilidhani ni utani wake. Lakini sasa, njiani kutoka Shenandoah, aliniambia kwamba alikuwa anakusikiliza unavyopumua. Alisema tangu tulipohamia huku hajawahi kukuona ukilala namna ile. Kwamba nyumbani unalala mchana na pazia jeusi, unaamka kwa honi ya gari la takataka, unaamka kwa simu, unaamka bila sababu, na yeye akikukuta jikoni anakuona umekaa tu umeshika kikombe. Akasema, “Mama yako alilala. Sijui ni mvua, sijui ni godoro, sijui ni milima. Nitalitengeneza hilo paa mpaka nife, ili mradi alale.” Alisema hawezi kukuambia kwa sababu ungesema analeta ujinga, na ungeficha uchovu vizuri zaidi.

Nilimsikiliza, Mama, na mimi nilikuwa na siri ya pili.

Watu huniambia mambo. Nadhani ni kwa sababu sisemi, wananiona kama kabati. Wewe mwenyewe uliniambia jambo siku ile nakusuka kabla ya Pasaka, ukiwa umeniegemea magotini. Baba alikuwa anaamini kwamba umeongeza usiku mwingine kule kwenye nyumba ya wazee unakofanya kazi kwa sababu wamepungukiwa watu. Ndivyo ulivyomwambia. Mimi uliniambia kwamba hawakupungukiwa na mtu, bali ulikwenda mwenyewe kuomba huo usiku ili gari la nyumba lilipiwe bila Baba kuona ugumu. Ulisema amefanya kazi chini ya ardhi kwenye zile mashine za hospitali miaka mingi bila kuomba kitu kwa ajili yake, na hiki kimoja alichokiomba hutamwacha akijutie. Na ukaniambia nisimwambie.

Kwa hiyo yeye analitunza ili wewe ulale, na wewe hulali usingizi ili lilipiwe. Nilikaa pale mbele, barabara inatujia, nikayaona yote mawili kwa wakati mmoja, na hakukuwa na mtu mwingine duniani anayeyajua yote mawili. Nilifikiri nikinyamaza, mtaendelea hivi hata mimi nikiwa na watoto.

Nikamwambia. Nilimwambia Baba yote uliyoniambia, bila kupamba.

Aliipita njia moja ya kutokea barabara kuu, akaipita na nyingine. Karibu na Manassas aliingia kwenye kituo cha kupumzikia, akazima injini, akashuka. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akizunguka gari zima, akiligonga kila tairi kwa kiatu, akisimama kwa kila moja muda mrefu kuliko tairi linavyohitaji. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na alisema ni vumbi. Halafu akaniuliza kama wewe ulisema hivyo kweli, kwamba hajaomba kitu kwa ajili yake. Nikasema ndiyo. Akasema, “Lakini sikuliomba kwa ajili yangu.” Baada ya hapo tuliendesha hadi yadini.

Basi, Mama, nimevunja siri zenu zote mbili. Yako nilimwambia yeye, na yake ninakuandikia wewe. Yeye anajua ninakuandikia na hakunikataza, alisema tu kwamba kwa simu yatamshinda. Kama umekasirika utanigombeza ukirudi, na nitakubali. Lakini sijutii, na nimejichunguza sana kabla ya kuandika neno hilo.

Jibu langu ni kwamba tuliuze. Tutapata hasara, najua, wale wastaafu hawatatoa kile tulichotoa. Liuzwe hivyo hivyo, na wewe uache zamu za usiku. Si ile moja uliyoongeza tu, zote. Omba zamu ya mchana hata kama malipo yake ni madogo. Mimi nimekubaliwa chuo cha hapa karibu, nitaishi nyumbani, na nimepata kazi ya jioni maktaba ya mtaa, ambako kazi yenyewe ni kunyamaza. Baba amesema atatia saini siku utakayosema unaacha usiku, na si siku moja kabla. Anaogopa tukiliuza kwanza utarudi kwenye kazi ileile bila hata ile milima. Mimi nitakikosa kile kiti cha mbele. Juzi nilikwenda naye yadini, nikakaa pale peke yangu gari likiwa limesimama, nikalia kidogo. Nakuambia ili ujue kwamba nimepima na upande wa furaha, na furaha ilikuwa nzito.

Mpe Bibi shikamoo yangu na umwambie Ethan anamuuliza kama kweli aliwahi kumfukuza chui kwa mwiko, au ni Baba anatutania. Wasalimie wajomba wote, na majirani wanaoniulizia. Shangazi Honorata atakaa siku chache tu, kwa hiyo kama una mzigo mwambie mapema, na umpe chai kabla ya kumpa mzigo.

Jambo la mwisho, tafadhali. Ukishaisoma barua hii, usinijibu mimi. Mpigie Baba, mchana wa huku, ambao huko ni jioni, wakati yuko kwenye mapumziko yake na hana spika. Usianze na gari wala hati. Mwambie tu kwamba umechoka. Aliniambia kwamba katika miaka yote hajawahi kulisikia neno hilo kutoka kwako, na nadhani na wewe hujawahi kulisikia kutoka kwake.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Jacqueline Kokushubila